Maneno Mengine Umeweka Wapi

Nimeacha kazi, na vijana wa kikundi chetu cha wakalimani wameniomba niwaandikie namna nilivyoifanya. Wameniletea daftari jipya na kalamu mbili. Nafikiri walitegemea kitu cha kuwafurahisha. Niliwaambia mapema kwamba nina hasira, na nitaandika nayo hivyo hivyo, maana nikingoja ipoe sitaandika hata ukurasa mmoja.

Kwanza mnijue. Niliishia mwaka wa nne wa primeri, kule Kivu Kusini. Kiingereza hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilikiokota sokoni Isingiro, Uganda, nikiuza samaki wa Ziwa Nakivale, nikakiokota kwenye redio ya betri, na kwenye vipande vya gazeti walivyofungia chumvi. Kinyankore, lugha ya wenyeji, nilikipata kwa kubishana bei na wanawake wa ndizi, na hakuna shule kali kama ile. Leo kuna watu wenye diploma wananipigia simu kuniuliza neno moja la hospitali, nami nawajibu papo hapo. Sijisifu. Waulizeni wenyewe kama nadanganya.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale pamoja na dada yangu mkubwa, Feza. Mimi nilimwita Yaya, kama kwetu tunavyowaita wakubwa zetu. Mama yetu alikufa nikiwa bado nanyonya, na Yaya ndiye aliyenilea na kunipeleka shule ile miaka minne. Vita ya tisini na sita ilimwacha bila mume. Binti yake wa pekee, Sifa, alivushwa Ziwa Tanganyika na ndugu za baba yake, na baadaye akarudi kuishi Uvira. Mama na mtoto waliachana siku moja asubuhi, kila mmoja akifikiri mwenzake yuko nyuma yake njiani. Tangu hapo walisikiana kwa simu tu, miaka yote. Hili mlishike, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike.

Kazi niliianza bila kuiomba. Yaya alikuwa na malaria, tumekaa kwenye benchi la kituo cha afya. Mbele yetu muuguzi mmoja Mganda, Sista Kemigisha, mwenyeji wa Bwizibwera, alikuwa anampandishia sauti mzee wa Kifuliiru, naye mzee anaitikia ndiyo kwa kila kitu. Alipoulizwa jina akasema ndiyo. Nikacheka.

Sista akanigeukia. "Wewe naceka nini? Kuja hapa. Uliza huyu mzee, dawa mimi nampa yeye nakula ama nauza?"

Nikamuuliza. Mzee akasema hali wala hauzi, anaziweka kwa ajili ya mke wake akiugua siku moja. Sista alikaa chini kabisa, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akaniambia nisiondoke. Sikuondoka kwa miaka kumi na saba.

Mwanamke huyo alinifundisha kila kitu nilichojua, ukiacha kile nilichojifundisha mwenyewe, ambacho ni kikubwa zaidi. Alinionyesha fasi ya kusimama: kando ya mgonjwa na nyuma yake kidogo, ili dokta amtazame mgonjwa na siyo mkalimani. Akaniambia kazi yangu ni ya jerikani. "Wao naweka maji, wewe namwaga. Usikunywe njiani." Nilimwona mama wa kawaida anayependa mifano ya kisimani. Nilisimama fasi ile miezi michache, halafu nikaanza kusogea mbele, kwa sababu mbele ndiko dokta anakuona na kukushukuru.

Baadaye walianza kunituma kusindikiza wagonjwa hospitali kubwa ya Mbarara, wale ambao kituo kimewashindwa. Huko ndiko nilikokutana na kansa. Kabla ya hapo nilijua malaria, kuhara, kuzaa na kuvunjika. Maneno ya kansa yalinipiga. Dokta anasema moja, nami nabaki mdomo wazi kama yule mzee wa ndiyo. Nilichukia aibu ile. Nikashona daftari, nikalivisha jalada la mfuko wa sukari, na kila jioni nilimfuata muuguzi yeyote atakayenivumilia aniambie neno lile lina maana gani, nami naliandika kwa namna yangu. Daftari hilo bado ninalo. Nitawaachia.

Humo mtakuta kwamba uvimbe ni nyama iliyoota fasi isiyoitwa, na siyo kila uvimbe ni kansa. Kuna uvimbe unaokaa kwake bila kumsumbua mtu. Mtu akisema uvimbe msikimbilie kulia. Mtakuta biopsi, kile kipande kidogo cha nyama wanachokikata na kukipeleka labo. Watu wetu wanakataa biopsi, wanasema ukigusa kwa kisu unaiamsha. Waambieni kwamba bila kipande kile hata dokta hajui anatibu nini. Kemo ni dawa inayotembea na damu mwili mzima, ndiyo maana inaangusha nywele na kutapisha, haichagui sana pa kupita. Mionzi ni mashine inayochoma fasi moja bila moto, na kwa miaka yangu yote tuliifuata Kampala. Dokta akisema ugonjwa umelala, hajasema umekufa. Mgonjwa lazima arudi kupimwa, hata akijisikia wa kucheza ngoma.

Halafu kuna hatua. Watu wakisikia hatua ya nne wanafikiri ni kama shule, mtoto amepanda darasa. Hapo ndipo nilipotoa mfano wangu, na mkiusikia kwa mtu mwingine mjue ameniiga. Ulipoingia ule ugonjwa wa migomba Isingiro, unaokausha majani na kuozesha mkungu kabla haujakomaa, kila mtu aliuelewa. Nikawa nasema: hatua ya kwanza, umeshika mgomba mmoja, fasi moja, unaukata na shamba linapona. Ya pili na ya tatu, umeingia kwenye shina na machipukizi ya pembeni, kazi ni kubwa lakini bado unapigana. Ya nne, umevuka mpaka, uko kwenye shamba la mtu mwingine kabisa. Hapo hata ukiung'oa ule mgomba wa kwanza, hujaumaliza. Kilichobaki ni kupunguza nguvu zake na kumtuliza mgonjwa maumivu, na kutuliza ni tiba kamili, ina dawa zake na watu wake. Kupunguza ni kitu kimoja na kuponya ni kitu kingine. Andikeni hilo kwa wino mwekundu.

Mfano mzuri, siyo? Madokta waliupenda. Sasa niwaambie niliusemea wapi. Niliusemea nyuma ya jengo, karibu na matanki ya maji, mgonjwa akiwa amebaki ndani kwenye kiti.

Kwetu, habari ya kifo haimwendei mtu moja kwa moja. Inapita kwa mkubwa wa familia, naye anachagua siku na mdomo wa kuisema. Hiyo ni ya mtu aliyekwisha kufa. Mimi niliichukua nikaileta hospitali, nikawavalisha watu walio hai. Dokta akimaliza, namwambia mgonjwa kitu chepesi, halafu natoka kumtafuta kaka, baba mdogo au mzee wa kanisa, nampa yote pale matankini. Familia zilinishika mkono kwa mikono miwili. Nilionekana mtu wa busara. Wakalimani wadogo nikawafundisha hivyo hivyo, wakaona ndiyo kazi.

Mfugaji mmoja mzee wa Rubondo, upande wetu wa kambi, alikuwa na kansa ya koo. Niliwaambia wanawe, nao hawakumwambia. Aliendelea kupanga mambo ya mwaka unaofuata mpaka wiki aliyokufa, hakusema ng'ombe gani wa nani, na wanawe mpaka leo hawasalimiani. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Nikasema vijana wale hawana adabu. Mnaona? Nilikuwa na jibu kwa kila kitu.

Sista Kemigisha alirudi kwao akiwa amechoka. Nikabaki mimi ndiye mkubwa, na chini yangu wakalimani kadhaa. Mmoja wao ni Furaha, yule yule mnayefanya naye kazi sasa, wakati huo msichana aliyetoka juzi shuleni.

Yaya alianza kutokwa damu, miaka mingi baada ya siku zake za mwezi kukoma. Hakuniambia. Dada hamwambii kaka habari za chini ya kitenge. Alimwambia Furaha, naye Furaha akaja kwangu na heshima zake zote.

"Papa Etiene, Yaya anahitaji kupimwa Mbarara. Muache niende naye miye. Ni mambo ya banamuke."

Nilimwambia ameanza kazi jana. Nilimwambia dada yangu hatatafsiriwa na mwanafunzi wakati mkalimani bora wa Nakivale nzima ni ndugu yake wa tumbo moja. Alinyamaza. Namkasirikia mpaka leo kwa kunyamaza kule, ingawa najua angesema nini, na najua ningemjibu nini.

Walikata biopsi, tukarudi, tukaitwa tena kusikia majibu. Dokta alikuwa kijana, mpole, anaongea kwa haraka. Nilikuwa nimekaa mbele, kiti changu sambamba na cha Yaya, na dokta alinitazama mimi kwa muda wote, kama vile mimi ndiye mgonjwa. Alisema ni kansa ya mlango wa kizazi. Alisema ni hatua ya nne, imefika kwenye ini na mapafu. Alisema hawatapasua, na hakuna dawa ya kuiponya. Mionzi ya Kampala inaweza kupunguza damu, lakini ni safari na uchovu mwingi. Au abaki nyumbani na dawa za kutuliza maumivu. Akasema mama huyu bado ana nguvu, ana miezi fulani mizuri ya kutembea, na ni yeye wa kuchagua aitumie wapi. Akasema: muulize.

Yaya alikuwa ananitazama mdomo.

Nimewatafsiria watu kansa ya kila kiungo, lakini siku ile sikuweza kulitaja lile jina la mwili mbele ya dada yangu. Na hapo hapo nikajitetea kwa desturi. Neno limetoka kwa dokta, limefika kwa mkubwa wa familia. Baba hayupo, shemeji hayupo, mkubwa wa familia ni mimi. Basi limefika. Likakaa pale, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunichukua mimi matankini.

Nikamwambia, "Yaya, dawa iko."

Akasema asante Mungu. Nikamgeukia dokta nikamwambia mama amechagua Kampala. Jerikani ilikuwa imekunywa maji yote, halafu ikajaza ya kwake.

Tulienda Kampala. Damu ilipungua kweli, na Yaya akaona ndiyo kupona. Alirudi Rubondo amekonda, lakini anacheka. Kanisani alisimama akashuhudia kwamba amepona, watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Sifa alikuwa amepata habari huko Uvira, akapiga simu. Nilikuwa nimekaa kando ya Yaya, simu ameiweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake moja lilikuwa limefifia.

"Mama, nikuje?"

"Usikuje na watoto wadogo mu barabara," Yaya akamwambia. "Miye ndo nitakuja. Ngoja ninenepe kidogo, usinione mukonda namna hii. Dawa iko."

Alilisema kwa maneno yangu. Mdomo wangu ulikuwa pale pale, sentimita chache kutoka kwenye simu. Ningeweza kusema. Nilimwambia Sifa ampe salamu mkwe wetu.

Aliendelea kungoja kunenepa. Alishona vitenge viwili vya kufanana, cha kwake na cha Sifa, akavikunja akaviweka kwenye sanduku. Mwezi wa sita tangu siku ile ya majibu, tumbo likajaa, miguu ikavimba, ikabidi abebwe kwenye gari kurudi Mbarara.

Dokta alikuwa yule yule. Alimpima polepole, akakaa, akaongea kwa muda mrefu, akitazama meza. Alisema mwisho uko karibu. Alisema watabadilisha dawa ya maumivu, waanze morfini ya maji, asiteseke. Alieleza namna ya kuipima kwenye kifuniko na kwa nini isirukwe saa yake. Nikafungua mdomo nimwambie Yaya wanaongeza dawa.

Alinishika mkono kabla sijaanza. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi, ngozi tu.

"Etiene. Ule mutu amesema mingi. Siku ile ingine pia alisema mingi, na weye ukanipatia maneno mbili. Ile ingine umeweka wapi?"

Nimesimama mbele ya polisi, mbele ya wakubwa wa ofisi, mbele ya watu wenye bunduki wakati wa kukimbia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza swali lile.

Nilimwambia. Nilianza na siku ya kwanza, nikataja mlango wa kizazi, nikataja ini na mapafu, nikataja hatua ya nne na migomba yangu, ambayo mbele yake ilinuka. Nikamwambia kwamba dokta alisema kuponya hakuna, na kwamba alisema yeye ndiye achague. Dokta alingoja. Yaya alisikiliza akitazama ukuta, kama mtu anayesikia habari za jirani.

Alipoona nimemaliza, akasema nimuulize dokta kama anaweza kufika Uvira.

Nikauliza. Dokta akatikisa kichwa, akasema kwa njia ile hapana, sasa hivi hapana. Akasita, halafu akasema miezi ile ya kwanza angeweza. Nilitaka kuiacha hiyo ya mwisho. Yaya alikuwa bado ameshika mkono wangu. Nikaitafsiri.

Akasema, bila kupandisha sauti:

"Sasa umuambie dokta. Umuambie huyu mukalimani yake ni mudogo wangu, miye ndo nilimulea. Umuambie ameniiba miezi sita. Nilikuwa nataka kwenda kwa mutoto wangu na miguu yangu."

"Yaya."

"Tafsiri. Na usipunguze."

Nilitafsiri. Kwa Kiingereza changu cha samaki na redio, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha mbele nilichojipatia mwenyewe, nilimwambia dokta kwamba mkalimani huyu ni mdogo wangu, nilimlea mimi, na ameniibia miezi sita. Nilisema mimi, kama tunavyotakiwa kusema, kwa sababu mkalimani anasema kwa sauti ya mgonjwa. Sikupunguza. Dokta aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akaacha kunitazama mimi, akamtazama Yaya, akamwomba msamaha yeye. Hata hilo nililitafsiri.

Furaha alimpigia Sifa siku hiyo hiyo. Sifa alizunguka njia ya Bujumbura, alifika Rubondo mama yake bado anapumua lakini hamtambui mtu. Alikaa naye siku nne. Walikuwa na miezi sita. Hizo nne ndizo nilizowaachia. Tulimzika Yaya na kitenge kimoja, cha pili Sifa amekivaa. Baada ya matanga aliniketisha kwenye mkeka akaniambia nimweleze yote tangu mwanzo, nami nikamweleza. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba siku ile ya simu alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

Sasa mnajua nina hasira na nani. Ninayo na madokta wanaozungumza na mkalimani na kumsahau mwenye mwili. Ninayo na wachungaji wanaopiga makofi kabla ya kuuliza. Lakini hao ni wadogo. Mkubwa mnamjua, na ndiye aliyewafundisha wengi wenu.

Kwa hiyo yale ya matankini yaacheni. Mgonjwa mwenyewe akisema hataki kusikia, akataka aambiwe ndugu yake, sawa, hilo ni lake, lakini aliseme yeye kwa mdomo wake. Mwanamke mwenye ugonjwa wa mwili wa kike mpeni Furaha au mwenzake. Mgonjwa akiwa ndugu yako, ondoka kwenye kiti cha mkalimani, ukae kwenye cha familia, ulie kama wengine. Neno usilolijua mwambie dokta hulijui, hakuna aliyekufa kwa kusema sijui. Na simameni pale Sista Kemigisha aliponionyesha mimi.

Niliendelea miaka miwili baada ya Yaya. Kila mgonjwa nilimwambia kabla dokta hajaanza: ukiona yeye amesema mingi na mimi nimesema kidogo, niulize ingine nimeweka wapi. Wengi walicheka, wakaona ni mzaha wa mzee. Siku yangu ya mwisho, hapo Mbarara, mama mmoja wa Rubondo mwenye uvimbe kwenye titi alinigeukia akaniuliza hivyo hivyo. Sikuwa nimeficha kitu. Nilikuwa nimechoka tu, nikaruka sentensi moja kuhusu kurudi kupimwa. Nikamwomba dokta airudie, nikaitoa yote.

Yule mama akanitazama kidogo, kupima kama imetosha. Halafu akamgeukia dokta, akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe.